Fimbo ya Mbali Haimwiti Mbwa

Leo naweka pembeni mambo ya PHP na hifadhidata. Kuna uongo mmoja unaonikera hapa Mamboleo, na kwa kuwa unafanana sana na uongo wa watu wa fani yangu, nitausema humu humu.

Uongo wenyewe ni huu: "Mbwa huyu ni mkaidi, hafundishiki."

Utausikia kila jioni. Mbwa ameshinda kwenye mnyororo chini ya mwembe. Saa moja anafunguliwa, lango limeachwa wazi, huyo anatimka. Mwenyewe anaita, "Simba! Simba! Rudi hapa!" Simba hata hageuki. Baada ya nusu saa anarudi kwa hiari yake, anapokelewa kwa teke, anafungwa tena. Halafu tunaambiwa hana akili.

Jamani! Hebu isome hiyo programu mstari kwa mstari. Akirudi: teke na mnyororo. Asiporudi: uhuru, jaa la takataka na mbwa wenzake. Simba amepiga hesabu, na jibu lake ni sahihi. Hitilafu iko kwa aliyeandika masharti. Ndivyo tulivyo na sisi watengenezaji wa programu: mtu akishindwa kuutumia mfumo wetu, tunasema mtumiaji ni mjinga.

Mwingine atakwambia shida ni mbwa wa kienyeji, nunua German Shepherd. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alitoa kitabu kilichopanga aina za mbwa kwa utiifu, akitegemea maoni ya majaji wa mashindano ya Marekani na Kanada. Basenji, mbwa wa kuwinda kutoka Kongo, alikuwa wa pili kutoka mwisho. Watu wakasema mjinga. Lakini mbwa huyo huingia msituni mbele ya mwindaji, kengele ikiwa shingoni ili ajulikane alipo, na huko hujiamulia mwenyewe. Ukimpima kwa kungoja amri, unapima kazi ambayo hakuzaliwa nayo. Mbwa wa namna hii anajifunza vizuri, ila hafanyi kazi bure. Wewe unafanya?

Tena kuna wale wa "samaki mkunje angali mbichi", wanaomchapa mbwa angali mtoto. Sawa, mkunje mapema, lakini methali haikutaja fimbo. Methali inayowahusu ni nyingine: fimbo ya mbali haiui nyoka. Mbwa akiwa mita 100 mbele yako, bila kamba, fimbo yako ni kuni tu. Kitu pekee kinachoweza kumgeuza ni anachokitarajia kwako.

Hili si jambo geni. Edward Thorndike aliliandika mwaka 1898 baada ya kufungia paka ndani ya masanduku: kitendo chenye matokeo mazuri hurudiwa. Wazo hilo hilo la kufundisha kwa tuzo ndilo walilolijenga Andrew Barto na Richard Sutton kwa ajili ya kompyuta, wakapewa Tuzo ya Turing ya 2024. Mashine tunaifundisha kwa tuzo, mbwa tunamfundisha kwa teke. Aibu!

Njia yenyewe haina gharama kubwa. Nunua omena mkavu sokoni, asiye na chumvi. Chagua mluzi mmoja, usiutumie kwa jambo lingine lolote. Piga mluzi, toa omena, ndani ya ua, mara chache kila siku. Kisha mfunge kamba nyepesi ya mita 10, aiburute uwanjani, uite akiwa hana shughuli kubwa. Ongeza vishawishi polepole: kuku, watoto, mbwa wa jirani. Mbwa si programu. Alichokiweza uani hakijui barabarani mpaka umfundishe tena huko.

La muhimu kuliko yote: akija, mpe tuzo, halafu mwachilie aendelee kucheza. Kuitwa kusiwe mwisho wa uhuru. Ukitaka kumwogesha au kumfunga, mfuate alipo, usimwite. Akishazoea kabisa, omena aje mara moja moja bila mpangilio. B. F. Skinner alionyesha kwamba tabia inayotuzwa hivyo ndiyo ngumu kufa. Waulize wanaobeti.

Wala sisemi umwachilie popote. Pale makutano, barabara ya Kakamega inapokutana na ile ya Miwani, kamba ibaki mkononi hata kama mbwa wako ni profesa. Lori halisikii mluzi.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa ajili ya mbwa? Kwa sababu mbwa asiyeitika ndiye anayekamatika kwa shida siku ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kichaa cha mbwa kisiendelee kuenea, na mpango wa Kenya uliozinduliwa 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Hesabu hiyo inaanzia langoni mwako, kwa mbwa ambaye akisikia sauti yako anakuja mbio badala ya kukimbia.

Basi tuache kumwita mkaidi. Gorogoro moja ya omena itamaliza ubishi huu.