Kabla ya Kukodi Jina la Mwenzio

Mpwa wangu aishiye Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio huko Marekani, alinipigia simu usiku mmoja baada ya isha, wakati kwake ni mchana mweupe, na alipokwisha kunipa shikamoo na kunijulia hali ya mama yake, ya mikorosho na ya bahari, akanieleza kwamba fedha alizozidunduliza kwa miaka mingi katika kazi ya ghalani zimetimia kiasi cha kuanzia biashara, na kwamba huko aliko mtu asiye na jina lake mwenyewe sokoni hukodi jina la kampuni iliyokwisha kujulikana, akafungua duka chini ya kivuli chake. "Mjomba," akasema, "nina mambo matatu mbele yangu: duka la kuku wa kukaanga, kazi ya kusafisha maofisi usiku, au kutunza wazee majumbani mwao. Nishauri."

Huenda msomaji akastaajabu kwamba shauri la Ohio limeletwa Msimbati, kijijini kwetu pwani ya Mtwara, kusini mwa Tanzania. Lakini kwetu kusini mjomba haikimbii amana ya shauri la mpwawe, na fauka ya hayo mimi mwenyewe nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya uwakala wa fedha za simu, chini ya mwavuli wenye rangi na jina la kampuni isiyo yangu; na kadiri nilivyomsikiliza ndivyo nilivyozidi kutambua kwamba biashara anayoitaka yeye na hii niliyo nayo mimi ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja amekulia katika theluji na mwingine amekulia mchangani.

Shuruti za biashara ile ni hizi. Mwenye jina hutoa jina, alama na kitabu cha taratibu, na mkodi hutoa rasilmali, pango, mishahara na usiku wake wa kukosa usingizi. Kisha mkodi hulipa ada ya kuingia, na baada ya hapo, kila juma au kila mwezi, hulipa mrabaha, neno ambalo sisi wa Msimbati tumelisikia sana masikioni mwetu tangu gesi ya Ghuba ya Mnazi ianze kuchimbwa. Hapa ndipo nilipomwomba mpwa wangu asimame atafakari, kwa kuwa mrabaha huo aghlabu hukatwa katika mauzo, wala haukatwi katika faida. Tuseme, kwa mfano tu, mtu ameuza kwa dola 100, na nyama, mafuta, pango na mishahara vimekwisha kula 97. Mwenye jina akichukua sita zake, mkodi amepata hasara ya tatu siku ile ile ambayo mwenye jina ameandika pato. Wawili hao wanakula sahani moja, walakini njaa yao si moja, na mtu asiyeijua tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi ataijua baadaye kwa bei ghali.

Na hata mwenye jina mwenyewe si kila mara aliyetajirika kwa jina. Ray Kroc alipofungua mkahawa wake wa kwanza wa McDonald's mjini Des Plaines, jimbo la Illinois, mwezi wa Aprili 1955, wakodi walikuwa wakimlipa asilimia 1.9 tu ya mauzo, na katika hiyo nusu asilimia ilikwenda kwa ndugu wawili wa ukoo wa McDonald waliolianzisha jina hilo, hata ikawa kampuni inakua na huku haina kitu mfukoni. Tadbiri iliyomwokoa ilikuwa ya msimamizi wake wa fedha, Harry Sonneborn, aliyeshauri mwaka 1956 kwamba kampuni ishike ardhi na majengo, kisha iwapangishe wale wale waliokwisha kukodi jina. Tangu hapo mkodi wa jina akawa pia mpangaji wa uwanja, na mpangaji ambaye mwenye nyumba wake ndiye pia mwenye jina lake hana pa kuegemea wakitofautiana. Kwa hiyo swali nililompa mpwa wangu lilikuwa hili: ardhi ni ya nani?

Kisha nikamkumbusha habari ya mji wake mwenyewe. Mwaka 1962 alifika Columbus mpishi mmoja, Dave Thomas, ambaye aliletwa kufufua mikahawa minne iliyokuwa ikifa, yote ikiwa imetundika jina la Kentucky Fried Chicken, jina lililokuwa likineemesha watu katika miji mingine ya nchi ile ile. Akapunguza orodha ya vyakula ikabaki fupi, akasimamisha nje alama ya ndoo izungukayo ili mpita njia aione kutoka mbali, akaifufua mikahawa ile na kuirudisha kwa kampuni mwaka 1968 akiwa tajiri; na mwaka uliofuata, katika mji huo huo, akafungua mkahawa wake mwenyewe akauita Wendy's, kwa jina la utani la binti yake. Katika habari hii mimi huona jambo ambalo wauzaji wa majina hawalisemi kwa sauti, nalo ni kwamba jina kubwa lilikuwapo juu ya milango minne na milango minne ikawa inafungwa, mpaka alipopatikana mtu aliyeutazama mji, barabara na walaji wake kwa macho yake mwenyewe. Columbus hiyo hiyo ndiyo makao, tangu 1934, ya kampuni ya White Castle, ambayo nchini Marekani haikodishi jina lake kwa mtu.

Sasa nirejee kwangu, kwa maana ushahidi wa mtu ni kile alichokishika kwa mikono yake. Uwakala wa fedha za simu ulianza nchini mwaka 2008, na kitabu cha taratibu alichopewa wakala wa Kariakoo ndicho alichopewa wa Msimbati, ilhali bahari haikutiwa humo. Meza yangu hufuata mwezi. Bamvua linapoingia na maji kukauka mbali, akina mama hushuka miambani kuchokoa pweza, wachuuzi wa Mtwara mjini huja na noti mkononi, na jioni kila mmoja anataka kuweka fedha. Sanduku langu linajaa noti, na floti, yaani salio la fedha zilizo simuni, inakwisha kabla ya magharibi. Maji mafu yanapokuja, mambo hugeuka: hakuna wa kuweka, kila ajaye anataka kutoa, simu inajaa floti na sanduku limebaki na sarafu. Msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba na malipo ya wakulima kushuka, haja ya noti hupanda kwa siku chache kiasi kwamba wakala asiye na akiba huwarudisha jirani zake mikono mitupu. Kuibadili floti kuwa noti, au noti kuwa floti, maana yake ni safari ya kwenda na kurudi Mtwara, nauli juu yangu na meza imefungwa. Wala kamisheni haimtofautishi wakala aliye mita mia kutoka mlango wa benki na aliye ng'ambo ya mikoko.

Nilipoanza, hakuna aliyeniambia lolote katika hayo. Kampuni iliyonipa mwavuli, ambayo sitaitaja, ilinionyesha jedwali la kamisheni lililopendeza macho. Haikunionyesha hesabu ya mawakala waliorudisha laini zao katika vijiji vinavyofanana na changu. Jedwali lile lilibadilishwa baadaye kwa ujumbe mfupi wa simu, bila kuulizana, nami sikuwa na karatasi ya kuniruhusu hata kulalamika kwa hoja. Tena mwezi wa Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza kukatwa, wateja wangu walirudia kupeana noti mkono kwa mkono. Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwaka ule ule baada ya kilio cha watu, lakini katika miezi ile pango langu halikupunguzwa na mtu.

Nasi wa pwani hii tulikwisha kupata somo kubwa zaidi. Bomba la gesi lilipokuwa likitandazwa kwenda Dar es Salaam na mtambo wa Madimba ukijengwa, watu wa Mtwara na vitongoji vyake walijenga nyumba za wageni na kufungua migahawa kwa mikopo, wakiamini kwamba wageni wale ni wa kudumu. Mwaka 2015 kazi ya ujenzi ilikamilika, mafundi wakafunga mizigo, na gesi, ambayo haihitaji chumba cha kulala wala sahani ya wali, ikaendelea kupita chini ya ardhi. Sisemi kwamba gesi haikuleta kheri. Nasema kwamba waliokopa hawakuwekewa mbele yao, kwa maandishi, ni watu wangapi watakaobaki baada ya ujenzi, na kama wangewekewa wengi wao wangejenga vyumba vitatu badala ya kumi.

Huko kwa mpwa wangu kuna kinga ambayo naitamani. Tangu 1979 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani imemlazimisha mwenye jina kumpa mkodi kitabu cha bayana kabla ya kupokea fedha zake, na kwa kanuni zinazotumika leo ni lazima mkodi akae nacho siku zisizopungua 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa chochote. Kitabu hicho kina vipengele 23. Kipengele cha 19 ni pale mwenye jina anapoweza kueleza mapato ya maduka yake, lakini halazimishwi, na wapo wanaokinyamazia. Kipengele cha 20 kinamlazimisha kutaja maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, pamoja na majina ya wakodi waliopo na ya wale walioondoka katika mwaka uliopita, na namna ya kuwapata. Nilimwambia mpwa wangu aanze kukisoma kutoka hapo: awapigie simu walioondoka kabla ya kuwapigia waliobaki, awaulize kwa adabu nini kiliwatoa, na awaulize wangapi waliwekewa duka lingine la jina hilo hilo mtaa wa pili.

Kuhusu yale matatu, rai yangu niliitoa bila kuficha. Kuku wa kukaanga humtaka mkodi awe na jengo, jiko na pango kabla hajamwona mlaji wa kwanza, katika mji ambao kampuni kubwa za chakula zimeujua tangu babu zao. Usafi wa maofisi ni kazi halali, lakini mara nyingi mkodi hupokea wateja kutoka kwa mwenye jina, na mwenye kukupa wateja anaweza kuwachukua. Kutunza wazee hakudai jengo kubwa, haja yake hukua theluji inapoanguka na mzee akashindwa kutoka nje, na mtu aliyelelewa katika nyumba yenye bibi anaanza kazi hiyo akiwa na elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha taratibu. Nikamsihi tu kwamba, akiona jina analokodi halimpi wateja, mafunzo wala kinga, ajiulize kama jina lake mwenyewe halitoshi.

Katika nchi yetu haijatungwa sheria mahususi ya biashara ya jina la kukodi, ilhali majina ya kukodi yamejaa mpaka mwisho wa barabara ya mchanga: mawakala wa simu na mawakala wa benki, mbali na mikahawa ya kigeni iliyokwisha kutia nanga Dar es Salaam. Vijana wa Msimbati wanaouza mashua ya baba ili wapate mtaji wa floti hawana kipengele cha 20 cha kusoma. Naiomba Wizara ya Viwanda na Biashara, pamoja na Tume ya Ushindani, impe kila mmoja wao haki ndogo ambayo mpwa wangu anayo ugenini: karatasi ya Kiswahili yenye hesabu ya maduka na meza zilizofungwa mwaka uliopita katika wilaya yake, kamisheni isiyobadilishwa bila taarifa ya maandishi, na siku 14 za kuisoma karatasi hiyo pamoja na wazee wake kabla hajatoa shilingi moja.