Malazi ya Mgonjwa Ugenini



Familia nyingi za Mwambao zimekwisha kuionja safari ya matibabu ya India. Daktari akishatoa barua, jamaa hukutana, huchanga, na huulizana habari za hospitali, za viza na za tikiti. Malazi huachwa mwisho, na mara nyingi shauri hukatwa kwa neno moja tu: "Tafuteni pa rahisi." Neno hilo si baya, lakini halitoshi. Hospitalini mgonjwa huenda akalazwa siku chache. Siku za kungojea majibu ya vipimo, za kuuguza kidonda na za kurudi kuonana na daktari atazipitisha katika chumba cha kukodi. Chumba hicho ndicho wodi yake ya pili. Anayekichagua na amfikirie mgonjwa jinsi atakavyokuwa siku ya kutoka hospitali, hana nguvu na ana maumivu, wala asimpime kwa hali aliyo nayo leo anapopanda ndege.

Tuchukue mfano wa Chennai, mji wa kusini uliojulikana kama Madras hadi mwaka 1996. Hospitali ya Apollo ilifunguliwa huko mwaka 1983, katika barabara ya Greams, na vichochoro vinavyoizunguka vimejaa nyumba za wageni zinazoishi kwa wagonjwa na jamaa zao. Msikiti wa Thousand Lights uko katika mtaa huo huo. Mtaa wa jirani, Nungambakkam, ndiko iliko hospitali ya macho ya Sankara Nethralaya. Lakini hospitali nyingine kubwa ziko pembezoni mwa mji, na jina moja la hospitali huweza kuwa na matawi kadhaa yaliyo mbali mbali. Basi kabla ya kulipia chumba, soma anwani iliyo kwenye barua ya miadi, si jina la hospitali peke yake. Wapo wanaokodi karibu na tawi kongwe ilhali daktari wao yuko tawi jingine, upande wa pili wa mji.

Umbali una bei yake. Tuseme chumba cha mbali kina nafuu ya rupia 500 kwa usiku, na tuktuk ya kwenda hospitali ni rupia 200. Mgonjwa akienda asubuhi kupimwa damu, akarudi kupumzika, kisha akaenda tena jioni kuonana na daktari na kurudi, zimekwisha rupia 800. Nafuu imegeuka hasara, na bado hatujahesabu jua, foleni ya magari, na mtikisiko wa barabara kwa mtu mwenye mshono.

Tukishajua mtaa, tukiangalie chumba chenyewe. Picha za mtandaoni huonyesha kitanda na pazia, nazo huficha yaliyo muhimu zaidi. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kama kuna lifti. Umeme ukikatika, je, jenereta huendesha lifti na kipoza hewa, au huwasha taa tu? Uliza habari za choo: ni cha kukalia au cha kuchuchumaa? Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga hawezi kuchuchumaa kwa majuma mengi, na hili likigunduliwa siku ya kurudi kutoka hospitali huwa ni mtihani. Kama atatumia kiti cha magurudumu, omba upana wa mlango wa chumba na wa bafu. Kama ana dawa za kuwekwa baridini, uliza friji. Na kwa kuwa matundu ya umeme ya India ni ya pini za mviringo, tofauti na haya yetu, mwenye mashine ya kumsaidia kupumua achukue adapta imara kutoka nyumbani.

Jambo la stara nalo lina uzito. Viza ya matibabu inayoombwa kwa mtandao huruhusu wasindikizaji wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Mama mgonjwa akifuatana na binti yake na mkwe, chumba kimoja cha vitanda vitatu kitawatia wote dhiki: mama atashindwa kuvuliwa nguo na kusafishwa kidonda, na mkwe atashindwa kulala. Kwa safari ya majuma kadhaa, nyumba ndogo ya vyumba viwili na jiko huwa bora, na watu watatu wakigawana gharama pengine haizidi sana bei ya vyumba viwili vya kulala.

Jiko lenyewe ni dawa. Mgonjwa aliyekatazwa pilipili na mafuta hatapona kwa chakula cha mkahawani, naye huenda akatamani uji tu. Ila ulizia masharti mapema, kwa maana wenye nyumba wengine hawali nyama wala hawaruhusu nyama au samaki kupikwa kwao. Waulize pia maji ya kunywa hupatikana vipi; Chennai ni kawaida kuletewa mitungi ya lita 20 hadi mlangoni. Wanaotaka kuwa karibu na maduka ya nyama halali na misikiti huupenda mtaa wa Triplicane, wenye msikiti mkuu wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795. Na usihadaike na vibao: kusini mwa India, kama ilivyo kwetu, neno "hoteli" mara nyingi huwa ni mahali pa kula tu, hapana hata kitanda kimoja.

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo wengi hawaisikii hadi wamefika kaunta na mizigo yao. Nchini India, yeyote anayemlaza mgeni wa kutoka nje, awe na hoteli, nyumba ya wageni au nyumba yake binafsi, anatakiwa kuwasilisha habari zake kwa serikali ndani ya saa 24, kwa fomu iliyokuwa ikiitwa Fomu C. Nyumba nyingi ndogo haziutaki usumbufu huo, ndiyo sababu hukataa wenye pasi za kigeni hata kama vyumba ni vitupu. Swali la kwanza katika simu na liwe hili: "Mnapokea wageni wa kutoka nje, na mtatujazia fomu ya serikali?" Matibabu yakirefuka na viza ikahitaji kuongezwa, ofisi ya usajili wa wageni hudai uthibitisho wa mahali unapokaa. Asiye na karatasi hiyo huanza kuhangaika na ofisi wakati mgonjwa yu kitandani.

Kwa sababu hiyo tuwaonee huruma vijana wetu wanaosoma huko. Ni kawaida yetu kusema, "Mtoto wa fulani yuko India, atawapokea." Kupokewa uwanja wa ndege ni wema mkubwa, lakini kumlaza mgonjwa kwa mwezi katika chumba cha mwanafunzi ni kumbebesha mzigo wa sheria, wa masomo na wa mwenye nyumba wake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa hawezi kushika jembe. Mwombeni kijana huyo msaada ulio rahisi kwake na mkubwa kwenu: akakione chumba kabla hamjalipa, afungue bomba, apande lifti, ahesabu hatua hadi lango la hospitali.

Katika malipo, msikubali kulipa mwezi mzima kabla ya kufika. Lipeni siku mbili au tatu, mkikagua mkaridhika ndipo mpatane bei ya juma au mwezi, na mchukue risiti. Ulizeni siku huhesabiwaje. Nyumba nyingine huhesabu saa 24 tangu mlipoingia. Nyingine hufunga siku saa sita mchana, hivyo mkiingia saa tisa usiku mtadaiwa siku nzima kwa saa chache. Na mtu wa kati anapowasisitizia nyumba moja tu, mwombeni bei kwa maandishi, kisha mpigie nyumba hiyo simu nyinyi wenyewe.

Katika kikao cha familia cha kupanga safari, pawe na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi ya malazi peke yake, mwenye kalamu na orodha ya maswali haya, na fungu lake litengwe kabla ya tikiti kukatwa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarahisishie wanaowauguza, na awarudishe wote nyumbani kwa salama. Amin.