Mfa maji na mkono wa Bwana



Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Tumezoea kuitumia methali hii kumsema mtu anayehangaika wakati mambo yake yameshaharibika. Lakini ukimuuliza mwalimu wa kuogelea, atakuambia kuna upande wa pili: mara nyingi mtu huyo anazama kwa sababu anatapatapa.

Mtazame mtu mzima anayejifunza kuelea. Mwili wa binadamu, mapafu yakiwa yamejaa hewa, kwa kawaida hubebwa na maji, na maji ya chumvi ya baharini huubeba kwa urahisi zaidi kuliko maji baridi ya ziwani. Anachotakiwa mwanafunzi ni kulala chali, masikio yaingie majini, macho yatazame juu, mikono itanuliwe, apumue taratibu. Ni maneno machache, lakini mwili wa mtu mzima hauyakubali upesi. Anainua kichwa aone anakokwenda, na kichwa kikiinuka, kiuno na miguu vinashuka. Anarusha mikono juu kutafuta pa kushika, na mikono ikitoka majini, mwili unazidi kwenda chini. Anakaza misuli, anameza maji. Kila anachofanya ili kujiokoa kinamzamisha.

Ndipo mwalimu anapoweka mkono chini ya mgongo wake. Mkono huo haumwinui kwa nguvu. Unamwambia tu kwamba hayuko peke yake. Polepole shingo inalegea, pumzi inatulia, na maji yaleyale aliyopigana nayo yanambeba.

Sasa mkumbuke Petro katika Injili ya Dominika ya 19 ya Mwaka A (Mt 14:22-33). Alikuwa mvuvi wa Ziwa la Galilaya. Yohane anasimulia katika sura ya 21 kwamba baada ya Ufufuko Petro alijitupa majini kumfuata Bwana ufukweni, mwendo wa kama dhiraa 200, karibu mita 100. Huyu si mtu mgeni wa maji. Hata hivyo, usiku ule alipoutazama upepo, hofu ilimshinda akaanza kuzama. Ujuzi wake wote haukumsaidia. Kilichomsaidia ni kuomba aokolewe, na kukubali kushikwa.

Angalia pia mpangilio wa tukio hilo. Yesu anamshika Petro kwanza, kisha anamuuliza juu ya uhaba wa imani yake. Mkono unatangulia, swali linafuata. Wengi wetu hugeuza: tunamhoji anayezama akiwa bado majini.

Wewe unayesoma leo, huenda maji yamekufika shingoni. Umechukua mkopo wa kausha damu, kisha umechukua mwingine kulipa ule wa kwanza, na wa tatu unaufikiria. Au una ugonjwa, na kila wiki uko mlango mpya: leo kwa mganga, kesho kwa nabii mwenye mafuta ya upako. Au ndoa yako inayumba, nawe unajibu kila neno kwa maneno kumi. Huko ndiko kutapatapa. Nguvu unazo, lakini zinakushusha.

Kuelea, kwako wewe, ni kuacha kwanza kujificha. Mwambie mwenzi wako kiasi halisi cha deni. Waambie wanajumuiya wako kwamba unaumwa, na dawa za hospitali uzimeze. Nenda ukaungame. Ulipobatizwa mtoto mchanga, wazazi na wasimamizi walikushika juu ya maji nawe hukuweza kujishika. Ukubwani tunaona aibu kushikwa tena. Lakini imani ya mtu mzima inaanzia hapo: kukubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu, ukiwa na mvi zako.

Atatokea mtu aseme: basi, Padre, tukae tu, Mungu atatenda, siku ikifika imefika. Hapana. Anayeelea hajalala usingizi. Anapumua, anatuliza mwili, anakusanya nguvu za kurudi nchi kavu au za kuita msaada. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka mnara wa Hekalu ili malaika wamdake, alikataa. Kumtumaini Mungu si kumjaribu.

Ndiyo maana nasema jambo hili pia kwa maana yake ya kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau Mei 21, 1996, ilipozama MV Bukoba, wala Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Sisemi kuelea kungewaokoa wote. Nasema si sawa mtu kuzaliwa kando ya maji, kuvuka maji kwenda sokoni na kanisani, na kuzeeka bila kufundishwa namna ya kulala juu yake.

Parokia zetu zina kwaya, zina vikundi vya kukopeshana, zina vijana wanaojua maji tangu utotoni. Vijana hao wanaweza kufundishwa namna ya kuwafundisha akina mama na wazee. Wafanye hivyo kwenye kina kifupi, mahali salama pasipo na mamba wala kichocho, na asiingie mtu peke yake. Wazazi, msione haya kuwa wa kwanza.

Na siku mwalimu atakapoweka mkono chini ya mgongo wako akakuambia ulegeze shingo, legeza. Ukishajua mwili wako unavyotulia ukishikwa, utajua pia namna ya kupiga magoti jioni na kumwachia Bwana deni, ugonjwa na nyumba yako, kisha asubuhi uamke ufanye sehemu yako.