Tope Jeusi la Mikokoni na Kamba za Makumbi



Katika pwani yetu, tangu Tanga hadi Unguja na Pemba, akina mama wamerithi kazi ya kamba za makumbi. Makumbi ya nazi huzikwa topeni, yakakandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na maji, yakaachwa miezi kadhaa. Yakifukuliwa hupondwa, usumba ukasokotwa. Mtoto akiuliza ni nani aliyeyalainisha, wengi hujibu kuwa ni maji ya chumvi. Jibu hilo ni pungufu, kwani watendaji wenyewe ni bakteria.

Tope la pwani linalojaa kijiko kimoja hubeba bakteria kwa mabilioni. Chakula chao ni majani ya mikoko, mwani na mizoga inayotua chini. Wale wa juu huvuta oksijeni, nayo huisha ndani ya milimita chache tu. Chini ya hapo wapo wengine wanaotumia salfeti, ambayo ni sehemu ya chumvi za bahari. Hao hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope hugeuka jeusi. Basi harufu ile ya mikokoni si dalili ya uchafu, ni dalili ya kazi.

Pasipo hewa, bakteria hula upesi vilivyo laini, kama ile gundi inayoshikanisha nyuzi za kumbi. Vigumu, vyenye asili ya mti, huvishindwa, au huvila polepole mno. Ndiyo maana usumba husalimika. Ndiyo maana pia mizizi na majani ya mikoko hurundikana topeni karne kwa karne, pamoja na kaboni ambayo ingepanda hewani. Mikoko ikikatwa na tope likafukuliwa, hewa huingia, na akiba hiyo huanza kuliwa.

Hatari ya pili ni kulivimbisha tope. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazizidi kilo chache. Yaliyobaki ni majimaji na nyama ya jani. Mabaki hayo, pamoja na maji ya vyoo, yakimiminwa mtoni au baharini, bakteria huyashambulia kwa pupa, wakaimaliza oksijeni. Gesi ya sumu hupanda hadi juu ya tope, na kaa na chaza hufa au huhama. Hapo anayepungukiwa ni mvuvi na mama anayeokota chaza kwa ajili ya kitoweo cha wanawe.

Mzazi, maji yakipwa, mwoneshe mwanao tope: hudhurungi juu, jeusi chini. Akilijua, hatalidharau wala kulifanya jaa.