Leseni Pekee Haihamishi Mchezo

Tangu Novemba 2025, Microsoft ilipouweka msimbo wa Zork I, II na III chini ya leseni ya MIT, meza yangu imejaa maandishi yenye wimbo mmoja: Zork imeokolewa, sasa tuiandike upya kwa lugha za leo, toleo moja kwa kila mfumo. Sikubaliani, na toleo hili la jarida nimelipanga kwa sababu hiyo. Msomaji aujue mapema upande wangu.

Zork haikungoja leseni ili iishi. Ofisi za Infocom, kampuni iliyoitoa, zilifungwa mwaka 1989 huku msimbo wake ukiwa umefungiwa, lakini michezo yake iliendelea kuchezwa kwenye kompyuta ambazo waandishi wake hawakuziota. Sababu tunaijua sote. Mwaka 1979 Joel Berez na Marc Blank walibuni mashine pepe, Z-machine, na mchezo ukaandikiwa mashine hiyo badala ya kuandikiwa Apple II au TRS-80. Kila kompyuta mpya ilihitaji kifasiri kimoja tu, na faili la hadithi halikuguswa. Baadaye mashabiki walilichambua faili hilo baiti kwa baiti, na Graham Nelson alipotoa maelezo kamili ya mashine, toleo 1.0, mwaka 1997, kuhamisha kukawa kazi ya yeyote mwenye subira na kompaila.

Sasa tazameni Adventure, mchezo wa kuchunguza pango. Msimbo wa Fortran wa Will Crowther, uliopanuliwa na Don Woods, ulipita mkono kwa mkono bila kizuizi. Jim Gillogly aliuhamishia kwenye C mapema, mwaka 1977. Wengine wakafuata, kila mmoja na vyumba vyake na alama zake, hata tukabaki kuyatambua matoleo kwa jumla ya alama: 350, 430, 550. Uhuru ulikuwapo. Kilichokosekana ni mpaka kati ya mchezo na mashine. Neno la PDP-10, kompyuta ambamo mchezo uliandikwa, lilikuwa na biti 36, nalo hubeba herufi tano za biti saba. Ndiyo maana Adventure ilitambua herufi tano tu za mwanzo za kila neno. Je, hiyo ni kanuni ya mchezo, au ni tabia ya PDP-10 iliyojipenyeza ndani ya mchezo? Bila waraka wa kulijibu swali hilo, mhamishaji huamua kivyake. Eric S. Raymond alipotoa Open Adventure mwaka 2017, kwa ridhaa ya Crowther na Woods, kazi yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa kuuchora mpaka huo kwa kuchelewa: data za pango zikahamia kwenye faili la YAML, na michezo iliyorekodiwa ikawa majaribio ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichopotoka.

Leseni inakuruhusu kuugusa msimbo. Haikwambii kwamba hesabu za Z-machine ni za biti 16 zenye alama ya chanya na hasi, wala kwamba baiti kubwa hutangulia ndogo. Anayehamishia kwenye kichakataji cha biti 64 bila kuyajua hayo atapata mchezo unaofunguka vizuri, unaoonyesha nyumba nyeupe, kisha unaharibika katikati bila kusema kwa nini. Waraka wa Nelson unayataja yote, na programu za majaribio kama czech na praxix zinamkamata aliyekosea. Frotz ya Stefan Jokisch nayo inaonyesha mpaka huo ukiwa ndani ya msimbo wenyewe: kiini hakiguswi, na mhamishaji huandika zile kazi zinazoanza na os_, za kuonyesha herufi, kusoma mstari, kufuta eneo la skrini. Makala ya kwanza inaeleza uhamisho wa namna hiyo hatua kwa hatua, na ninataka kila mwanafunzi wa programu aisome.

Makala ya pili inahusu Quetzal, muundo unaowezesha mchezo uliohifadhiwa kwenye kifasiri kimoja kuendelezwa kwenye kingine. Ya tatu ni juu ya Glk, kiolesura kinachotenganisha mchezo na skrini na kibodi za kila mfumo.

Ya nne inatugusa moja kwa moja. Kamusi ya Z-machine toleo la 3 huweka nafasi sita kwa kila neno. Kwa lugha yetu, inayopanga viambishi mbele, ninachukua, ninachora na ninacheka yote hukatwa yakabaki ninach. Toleo la 5 lina nafasi tisa, na hapo maneno hayo matatu yanatengana; lakini alama ya ng' bado inakula nafasi mbili. Mwandishi wa mchezo wa Kiswahili anaweza kudai amri tupu, chukua au chora, au akaandika sehemu ya kuvua viambishi kabla ya kamusi kusomwa. Anaweza kuchagua kabla ya mstari wa kwanza kwa sababu kanuni imeandikwa.

Kuanzia toleo lijalo, makala ya kuhamisha mchezo nitaipokea ikiwa na rekodi ya mchezo mzima, amri ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na mbegu ya namba nasibu iliyotumika, ili mwingine airudie na kulinganisha mstari kwa mstari. Makala ya kifasiri ije pia na matokeo ya czech au praxix. Na mnaotaka kuiandika Zork upya, kompaila ya ZILF ipo: tengenezeni kwanza faili la hadithi kutokana na msimbo uliotolewa, lichezeni kwenye Frotz hadi mwisho, mlihifadhi kama kipimo. Mkibadilisha chochote baada ya hapo, mtaweza kutuonyesha mlichobadilisha.