Shahidi Mmoja Hatoshi

Mara ngapi umesimama dirishani pa ofisi, ukaeleza shida yako, ukajibiwa, "Mfumo umekataa"? Na anayejibu hainui hata macho.

Huko Uingereza neno la namna hiyo liliwafunga watu. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Wenye vituo vidogo vya posta wakifunga hesabu jioni, kompyuta inawaambia fedha zimepungua, nao hawajagusa hata senti. Mkataba uliwadai wafidie. Wengine wakamaliza akiba zao. Walipopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Hadi 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani; wapo waliofungwa, wapo waliojiua. Ndipo mwaka 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzusha upungufu usiokuwapo.

Mahakamani kompyuta ilihesabiwa kuwa sawa mpaka ionyeshwe kasoro yake. Maskini muuza stempu angeionyeshaje? Torati ina akili kuliko hivyo: Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yakataza mtu kuhukumiwa kwa shahidi mmoja, na yawataka waamuzi wachunguze sana. Hapa shahidi alikuwa mmoja, tena hakuhojiwa. Vilio vya mamia ya watu, vyote vya namna moja, navyo vilikuwa takwimu. Nani alivijumlisha?

Sipingi kuhesabu. Kanisa lisilojua idadi ya wajane wake litawalishaje? Musa aliamriwa kuhesabu, na kitabu kizima kikaitwa Hesabu. Lakini mfalme Daudi alipotaka kuwahesabu watu wake, aliyemuuliza sababu alikuwa Yoabu, jemadari mwenye damu mikononi, wala si kuhani. Jambo hili linanisumbua, maana mkuu wa Posta ile toka 2012 hadi 2019 alikuwa pia padri wa Kianglikana. Simrushii jiwe. Nasema nasi tunaosali Jumapili, na Jumatatu asubuhi tukawasha kompyuta.

Wewe karani, mhasibu, ofisa mikopo: kioo kikikuonyesha kwamba mama huyu ni mdaiwa sugu, mkaribishe kiti. Msikilize. Omba stakabadhi zake, uzilinganishe na kilichomo kwenye mashine, kisha maneno yake uyaandike pembeni mwa tarakimu, umpelekee mkubwa wako. Usimwambie kuwa ni yeye peke yake kabla hujatazama mafaili ya wenzake. Na wewe mkubwa, usimwone karani huyo kuwa mzembe kwa sababu foleni yake imekwenda polepole.

Huenda neno la mkubwa likakushinda. Yoabu naye alishindwa na neno la mfalme, akazunguka nchi nzima akihesabu. Lakini watu wa kabila za Lawi na Benyamini hakuwahesabu.