Jumba la mfalme kule Tervuren na wazee wa Moba walioko Lubumbashi

Karibu na Brussels, Ubelgiji, kuna jumba ambalo watu hutoka mbali kwenda kulitazama: jumba la makumbusho la Tervuren. Mfalme Leopold wa Pili ndiye aliyeagiza lijengwe, na faida iliyotoka Kongo ndiyo iliyolipa. Charles Girault, Mfaransa, alilichora kwa kufuata majumba ya wafalme wa kwao, kama Versailles: nguzo za mawe, kuba kubwa, na bustani zenye maji, maua na miti iliyopangwa kwa mistari. Leopold alikufa Desemba 1909, jumba likafunguliwa 1910. Leo familia hutembea bustanini siku ya Jumapili, kisha hukata tikiti na kuingia ndani.

Ndani kuna sanamu ya Lusinga, chifu wa Watabwa, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Desemba 1884 watu waliotumwa na luteni Émile Storms walishambulia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa. Sanamu ya wahenga wake ilichukuliwa, na fuvu lake pia likapelekwa Ubelgiji. Lusinga hakuwa malaika. Aliteka watu na kuwauza. Lakini ubaya wake haumpi mwingine haki ya kubeba wahenga wa ukoo mzima.

Hata bustani zenyewe zina habari yake. Mwaka 1897, Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kwa maonyesho, wengi wao wakawekwa Tervuren katika vijiji vya kuigiza, wazungu wakiwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren.

Sasa mlango umeanza kufunguka. Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Julai mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni, ingawa mifupa ya watu haimo katika sheria hiyo.

Wako wanaouliza: vikirudi, nani atavilinda? Swali hilo si la dharau. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa, na baadhi vikapotea katika vurugu za kuanguka kwa Mobutu. Mlinzi na kufuli vinahitajika. Lakini kufuli peke yake halitoshi. Sanamu ikirudi kwa watu wasiojua jina lake wala kazi yake, itakuwa imehama kabati tu.

Na wanaojua ni akina nani? Wengi hawako tena vijijini. Vita vya Moba, na vile vya Manono, Mitwaba na Pweto, eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, viliwatawanya watu. Kuna walioingia Lubumbashi na mkeka mmoja na sufuria moja. Kati yao wamo wazee wanaojua nani aliruhusiwa kushika sanamu ya wahenga, siku gani, na maneno gani yalisemwa. Mjini hakuna anayewauliza. Wanaitwa wakimbizi wa ndani, wanahesabiwa kwa ajili ya unga, basi. Kila mzee anayezikwa huku anaondoka na sehemu ya orodha ambayo Ubelgiji haikuiandika.

Kwa hiyo Lubumbashi isingoje ndege ya Brussels. Mji una makumbusho yake ya taifa, una chuo kikuu, una redio za mitaa. Wazee hao waitwe sasa, waonyeshwe picha za vitu, waseme kwa lugha yao, sauti zao zihifadhiwe. Familia zilizohamishwa na vita ziingie makumbusho bila kulipa, watoto wao kwanza. Hayo hayahitaji nguzo za mawe. Yanahitaji kinasa sauti, nauli ya basi na mtu mwenye subira ya kusikiliza.

Leopold alijenga jumba la vitu vya watu ambao hakuwahi kuwauliza. Lubumbashi ina nafasi ya kuanza na watu wenyewe, wangali hai.